Taa ya oili ikiwaka kwenye trekta la zamani, zima hapo hapo

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu nizungumzie trekta, kwa sababu msimu uliopita nilitoa ushauri mbaya na wenzenu wakaulipia.

Ilikuwa Desemba, huku Ushokola. Vijana watatu walichanga hela ya tumbaku wakanunua Massey Ferguson ya mtumba yenye injini ya Perkins. Mvua imeshika, wateja wa kulimiwa wamepanga foleni. Mmoja akanipigia: "Afisa, tukipunguza mafuta taa nyekundu ya oili inawaka, tukiongeza inazima. Tufanyeje?" Nikamjibu, malizeni hizo heka mbili kwanza, itakuwa swichi tu hiyo. Heka ya pili haikuisha. Injini ilianza kugonga, ikanoki palepale shambani. Kranki ikapelekwa Tabora kuchongwa, na trekta likarudi kazini Februari, mahindi ya wenzao yanatoa mbelewele. Hawakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kinachotokea ni hiki. Pampu inasukuma oili ipite kwenye upenyo mwembamba sana kati ya beringi na kranki, ili chuma kisisuguane na chuma. Injini ikichakaa upenyo unapanuka, oili inatoka kirahisi, presha inashuka. Injini ikipata moto oili inakuwa nyepesi, presha inashuka zaidi. Ndiyo maana asubuhi geji inasoma vizuri, saa sita mchana taa inawaka.

Ikiwaka, zima, hata kama jembe liko ardhini. Subiri kama dakika kumi, kisha chomoa kijiti upime oili, trekta likiwa limekaa sawa. Imepungua? Ongeza, halafu tafuta inapovuja. Imezidi alama ya juu na inanuka dizeli? Usifurahi. Kwenye Perkins hizi za zamani, diaframu ya ile pampu ndogo ya mafuta ikipasuka, dizeli inashuka kwenye sampu na oili inakuwa kama maji. Badilisha pampu hiyo, mwaga oili yote na filta yake.

Kama kiwango kiko sawa, usibishane na taa wala usikisie kama mimi. Fundi afungue swichi ya oili na kufunga geji ya mkono kwenye tundu hilohilo, injini ikiwa ya moto. Kipimo cha haraka cha mafundi ni angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Geji ikisoma vizuri, swichi ndiyo mbovu, umepona kwa hela ndogo.

Ikisoma chini, trekta lisiwashwe tena mpaka sampu ifunguliwe. Chujio la pampu lililomo humo linaziba kwa matope meusi ya oili iliyochelewa kumwagwa, na vali ya presha nayo hukwama. Pasua filta ya zamani, tandaza karatasi yake juani. Ukiona chembe zinazometa, hasa zenye rangi ya shaba, beringi zimekwisha. Ukizibadilisha kabla kranki haijakwaruzika, na pampu ni nzima, unaweza kurudi shambani ndani ya siku chache. Ikishakwaruzika, inachongwa kwa elfu 10, 20 au 30 za inchi na kufungwa beringi nene zaidi. Hapo ndipo miezi inapotea, jamani, na deni linadai.

Sasa hili la oili nzito. Kuna watu wanaweka ya namba 50, taa inazima, wanaendelea kulima. Upenyo uko vilevile, mmeziba macho tu. Na wauzaji wa mitumba wanaujua huo ujanja kuliko nyie. Kwa hiyo ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa geji asubuhi injini ikiwa ya baridi. Muulize ameweka oili gani. Mwambie alime nusu saa nzima na jembe limezama, kisha apunguze mafuta mpaka chini kabisa, wewe macho kwenye geji. Akianza kukwambia dizeli imeisha, rudi nyumbani na hela yako.