Uza mahindi kwa hatua, mlipe fundi kwa hatua

Na Mwandishi Maalumu, Sumbawanga

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walichosahau kutuambia ni kwamba hata huo ufa ukiuziba bila mpango, unaweza kuishia kujenga ukuta na deni juu yake.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mwaka jana niliamua kukarabati nyumba ya mama yangu katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Sumbawanga. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, sakafu ya vumbi, na mabati ambayo kila masika yalitulazimisha kutandaza mabeseni chumba hadi chumba.

Mimi ni mchumi wa kilimo. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima wasiuze mahindi yote wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Hata hivyo, siku fundi alipokuja nyumbani na futi kamba yake, ushauri huo nilikuwa wa kwanza kuusahau.

Tulikubaliana ufundi Sh1,500,000 kwa kazi ya wiki sita, vifaa vikiwa juu yangu. Kazi ilikuwa kubomoa paa la zamani, kunyanyua kuta, kumwaga lenta, kupaua upya, kuweka sakafu ya saruji na kupiga plasta. Fundi akaomba milioni moja ya kuanzia. "Mtaalamu, bila hela ya kuanzia vijana hawapandi juu," alinieleza.

Ilikuwa Julai. Mahindi ya mama yalikuwa yamepukuchuliwa, yamejaa sebuleni. Nikaita mchuuzi, nikauza magunia 20 ya kilo 100 kwa Sh50,000 kila moja, nikampa fundi milioni yake siku hiyo hiyo. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Kuishi nyumba isiyo na paa

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Paa likashushwa, kuta zikanyanyuliwa, lenta ikamwagwa. Mama akahamia jiko la nje na wajukuu wawili. Yaliyobaki ya mavuno, mahindi na maharage, yakapangwa uani juu ya magogo na kufunikwa turubai.

Anayeijua Ufipa anaelewa baridi ya Julai na upepo wake. Watoto walilala wamejibanza ukuta wa moshi. Kila asubuhi mama alipika uji wa ulezi wa mafundi watano pamoja na wa nyumbani. Mchanga uliingia kwenye unga, simenti kwenye vyombo, na kuku wakahamia kwenye rundo la kokoto.

Wiki ya nne fundi hakuonekana. Simu ikawa inaita bila kupokewa, kisha haipatikani. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Nyumba imesimama kuta tupu, mama yuko jikoni. Nilipofika kumjulia hali aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si wewe ndiye uliyesomea hesabu?"

Wiki ya pili ya Oktoba ikanyesha mvua ya ghafla usiku, wakati hakuna aliyeitarajia. Turubai likapeperushwa. Magunia mawili ya maharage yalianza kuota, na magunia manne ya mahindi yakashika ukungu. Mama alitaka kuwapa kuku. Nikamkatalia, kwa kuwa mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haifai kwa mifugo pia. Tukayafukia.

Kwa nini fundi alitoweka

Nilimfuata fundi kijiji cha pili nikiwa na hasira. Nilimkuta juu ya kenchi ya nyumba ya mtu mwingine. Tulipokaa chini kuzungumza, nikagundua kwamba tatizo lilikuwa kubwa kuliko uaminifu wa mtu mmoja.

Fundi huyu hana mtaji. Malipo ya awali ya mteja wa pili ndiyo yaliyomalizia kazi ya mteja wa kwanza. Yangu yalimalizia ya wa pili, na nyumba niliyomkuta nayo ilikuwa imempa fedha za kula. Kila mteja anayelipa mbele humkopesha fundi bila riba na bila dhamana, kisha anashangaa kwa nini yuko mwisho wa foleni. Aliyekwisha kulipa hana cha kumvutia fundi arudi. Ambaye hajalipa ndiye anayehudumiwa.

Wakulima tunaijua hali hii. Ni sawa na anayeuza mahindi yangali shambani ili apate fedha za palizi. Siku ya mavuno anavuna mali ambayo si yake.

Aidha, mafundi wetu wengi ni wakulima kama sisi. Mvua za kupandia zikianza Novemba, fundi anatupa mwiko anashika jembe. Ndiyo maana ukarabati wowote Ufipa ambao paa halijafungwa kufikia mwisho wa Oktoba uko hatarini: mvua inaingia ndani na fundi anatoka kwenda shambani kwake, vyote kwa wiki moja.

Hesabu ya hasara

Tufanye hesabu kidogo. Kazi iliyofanyika hadi fundi alipotoweka, kwa makadirio yetu wote wawili, ilikuwa ya Sh600,000. Nilikuwa nimelipa Sh1,000,000. Kwa hiyo Sh400,000 zangu zilikuwa mikononi mwake kwa zaidi ya miezi miwili bila kazi.

Hasara ya pili haikuonekana haraka. Januari gunia lile lile niliuza kwa Sh75,000. Magunia yangu 20 yangenipa Sh1,500,000, yaani ufundi wote wa nyumba. Kwa kuuza yote Julai nilipoteza Sh500,000, na fedha hiyo hakuila fundi, niliipoteza mwenyewe.

Sisemi mkulima asubiri Januari ndipo ajenge, kwani Januari ni masika na hakuna anayepaua kwenye mvua. Ninachosema ni kwamba auze kadiri hatua ya kazi inavyodai. Kama hatua ya kwanza ni Sh300,000, uza magunia sita. Mengine yabaki, yakiwa makavu kwa unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo pia huzuia dumuzi. Hatua za ndani kama plasta zinaweza kusubiri bei ipande.

Mkataba wa pili

Tulikwenda mimi na fundi kwa mtendaji wa kijiji, na safari hii tuliandika. Kazi iliyobaki ilikuwa na thamani ya Sh900,000. Kenchi na mabati tukazipa Sh400,000, ambazo alikwishazipokea. Sakafu Sh200,000, plasta Sh200,000. Sh100,000 zilizobaki tukakubaliana nizishike mpaka mvua kubwa mbili zinyeshe juu ya paa.

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata makubaliano ya mdomo ni mkataba. Ugumu ni kuyathibitisha. Karatasi moja yenye saini mbili na mashahidi inamaliza ubishi kabla haujafika mahakamani.

Fundi alirudi. Paa lilifungwa wiki ya mwisho ya Oktoba, na sakafu ikamalizika mwanzoni mwa Novemba. Mvua ya kwanza kubwa iliponyesha, paa lilivuja sehemu moja kwenye kofia. Nilipiga simu asubuhi, jioni fundi alikuwa juu ya paa. Laki moja iliyokuwa ikimsubiri ilifanya kazi ambayo milioni moja iliyolipwa mbele haikuifanya.

Plasta haikuwahi. Aliondoka kwenda kupanda mahindi yake, nami sikumzuia. Aliipiga Mei baada ya masika, na nikamlipa siku alipomaliza.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, anza na ghala. Kabla ya kushusha bati hata moja, tafuta mahali pakavu pa kuhifadhi mazao, hata kwa jirani. Kama nyumba ina vyumba vitatu, paua kwa sehemu ili kimoja kibaki na paa.

Pili, nunua vifaa mwenyewe na uviandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotumika kila siku. Ukinunua mabati, kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Wapo wanaolipia 28 na kupelekewa 30.

Tatu, usiharakishe saruji. Upepo wetu wa kiangazi unakausha plasta na sakafu haraka mno na kuleta nyufa. Mwagilia maji angalau siku saba, na fedha za kuteka maji hayo ziingie kwenye bajeti.

Nne, kwa wafanyabiashara wadogo wa mjini, siku ambazo duka limefungwa ni gharama kama saruji. Karabati nusu, uza kwenye nusu. Na kama uko ndani ya mipaka ya Manispaa, uliza kwanza kuhusu kibali kabla hujagusa ukuta.

Tano, usimlipe fundi kwa kazi ambayo hajaifanya zaidi ya kinachomwezesha kuanza. Lakini pia akimaliza hatua, mlipe siku hiyo hiyo. Fundi anayecheleweshewa malipo atakwenda kutafuta mteja mwingine wa kumlipa mbele, na mchezo utaanza upya.

Masika haya mama alilala chini ya paa lisilovuja. Mabeseni yamerudi kwenye kazi yake ya kufulia. Lakini kila nikifika hunionyesha ile kona ya uani tulipofukia mahindi, ananiambia hapo ndipo ilipo karo ya shule yangu ya pili.