Kovu la Mtoto wa Jicho Linapokutana na Presha ya Macho

Mtu aliyetolewa mtoto wa jicho zamani hushangaa akiambiwa anahitaji kupasuliwa tena, safari hii kwa presha ya macho. "Daktari, si jicho hilihili mlishalitengeneza?" Ni hilohilo, ila magonjwa ni mawili. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Ikitolewa na kuwekwa ya bandia, nuru hurudi. Presha ya macho, yaani glakoma, huua mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo, na kilichokufa hakirudi. Upasuaji wake hulinda kilichobaki tu.

Upasuaji uliozoeleka ni trabekulektomi, ambao Cairns wa Uingereza aliueleza mwaka 1968. Chini ya kope ya juu, daktari hutoboa njia kwenye ukuta mweupe wa jicho, maji ya ndani yatoke na kutuama chini ya kiwambo, ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Vidonda vingine tunaviombea vifunge upesi. Hiki tunakiombea kisifunge, kwa sababu kovu likiziba njia, presha hupanda upya.

Kiwambo kilichokwisha kukatwa huwa kimejifunza kuweka kovu. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutoa mtoto wa jicho kwa mkato mdogo usioshonwa: kiwambo hufunuliwa, handaki fupi huchongwa kwenye ukuta mweupe, mara nyingi upande wa juu. Ni njia nzuri na nafuu, imewarudishia wengi nuru, nami siipingi. Lakini huko juu ndiko trabekulektomi inakohitaji nafasi, na daktari wa glakoma hukuta kiwambo kimegandamana na ukuta. Njia ya mashine ya mawimbi ya sauti, fako, hupitia kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kukiacha kiwambo salama. Hata hivyo, jicho lililowahi kufunguliwa laweza kubaki na kemikali za uvimbe zinazochochea kovu.

Utafiti mmoja wa Marekani na Uingereza ulifuatilia macho 212 yaliyokuwa yametolewa mtoto wa jicho, au yaliyowahi kufanyiwa trabekulektomi ikashindwa. Baada ya miaka 5, trabekulektomi ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 46.9, mrija wa plastiki unaopeleka maji nyuma zaidi ya jicho, asilimia 29.8. Kwenye macho ambayo hayajawahi kupasuliwa, utafiti wa baadaye haukuupa mrija ushindi huo. Ndiyo maana jicho lenye lenzi bandia mara nyingi huelekezwa kwenye mrija, au hupakwa mitomaisini, dawa ya kuchelewesha kovu, wakati wa trabekulektomi.

Hakuna sababu ya kukimbia upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa wenye glakoma ya pembe iliyobana, yaani njia ya asili ya kutokea maji ya jicho imebanwa, kutoa lenzi kwenyewe hushusha presha.

Ninachoomba ni jambo moja, lifanyike kabla ya kisu. Pimwa presha, na daktari autazame mshipa wa fahamu iwapo ukungu unaruhusu. Kama mzazi au ndugu yako ana glakoma, sema. Kisha muulize daktari wako: mkato waweza kuwekwa upande wa sikio, ili kiwambo cha juu kibaki kizima?