Ukialikwa Holili, Nenda Kiangazi

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akialikwa nyumbani na rafiki Mchaga, mara nyingi huenda Desemba na hupelekwa juu: Marangu, Kibosho au Mkuu, kwenye kihamba cha migomba na kahawa, karibu na makaburi ya mababu, ndugu wakiwa wamerudi kutoka kila pembe kula Krismasi. Ni mwaliko mzuri, lakini unamwonyesha mgeni nusu ya nchi tu. Nusu ya pili iko chini, kwenye tambarare inayotoka Himo, ikapita Holili, ikaingia Taveta upande wa Kenya. Wakati wake ni Januari na Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika haijaanza, nyasi zimekauka hadi kuwa na rangi ya makuti. Nashikilia kwamba rafiki anayekukaribisha Holili kiangazi anakufundisha Kilimanjaro zaidi kuliko yule anayekukaribisha kihambani Desemba, kwa sababu mvua ikishakatika ndipo huonekana nani anamtegemea nani.

Tuanze na mbege, pombe isiyokosekana harusini wala kwenye vikao vya ukoo. Hutengenezwa kwa ndizi na ulezi. Ndizi ni za juu, lakini ulezi hupenda mashamba ya chini yenye jua, kwa hiyo kata moja ya mbege tayari ni mlima na tambarare vimechanganywa. Vivyo hivyo ng'ombe. Vihamba vimegawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, vikawa vidogo kiasi kwamba ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa chakula. Kiangazi kikikaza, mabua ya mahindi na majani makavu hupandishwa kutoka tambarare. Zamani yalikwea juu ya vichwa vya wanawake, safari ya saa nyingi ambayo haijapewa heshima inayostahili, na siku hizi mengi hupanda kwa pikapu. Mgeni wa Desemba humkuta ng'ombe anatafuna na hana sababu ya kuuliza. Mgeni wa Februari huyaona mabua yakifungwa na kupakiwa.

Kinachoshuka kulipia hayo yote ni maji. Upande wa kusini, msituni kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, hunyesha karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Tambarare hupata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kaskazini ya Holili liko Ziwa Chala, ndani ya kreta, mpaka wa Tanzania na Kenya ukipita majini. Halina mto wa maana unaoliingia. Hujazwa zaidi na mvua ya mlimani inayozama na kupita chini ya ardhi, ndiyo maana hubaki limejaa wakati vichaka vinavyolizunguka vimenyauka. Tope la chini yake limejipanga tabaka kwa tabaka kufuata majira, na wanasayansi wamelisoma wakapata historia ya mvua ya miaka 25,000.

Wapo watakaosema Holili ni kituo cha malori tu, mahali pa kugonga pasipoti na kupita. Dhana hiyo ni ya zamani kuliko barabara. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mpaka wao upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, yaani tambarare hii ilihesabiwa kuwa pengo kati ya watu. Pengo hilo lilikuja kugombaniwa kwa damu. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Dola ya Uingereza yalirudishwa nyuma kwenye kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Machi, chini ya Jenerali Smuts, yalipigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata, na katikati ya mwezi yalikuwa Moshi. Haraka ile yote ilikuwa ya kuiwahi masika, kwa kuwa mvua ikianza ardhi hii hugeuka matope. Mpaka ule upo bado, lakini tangu 2016 Holili na Taveta zina kituo cha pamoja cha mpakani, na msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la uhaba. Kiangazi maji ni ya kupimwa kwa ndoo, ghala linapungua, na mgeni ni mdomo wa ziada. Ni kweli, na asiyelijali hilo asiende. Aende siku chache, abebe mchele, sukari na mafuta, aoge kwa maji kidogo, na ashike jembe wenyeji wanaposafisha shamba kabla ya mvua za Machi. Kuna pia wanaosema kwamba nyumbani kwa Mchaga ni kihambani, na nyumba ya Holili ni ya shambani tu. Zamani ilikuwa hivyo. Tambarare iliogopwa kwa homa, na watu walishuka kulima wakapanda kulala. Lakini kihamba hakiwezi kugawanywa bila kikomo. Kwa desturi mtoto wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na ardhi ya juu ilipojaa, wengi walishuka wakajenga huku. Watoto wao wamezaliwa hapa, na masale yamepandwa mipakani mwa viwanja vyao kama kule juu. Kuwaambia hapa si kwao ni kuwanyima kitu walichokwisha kukijenga kwa mikono yao.

Basi mgeni aamke mapema. Alfajiri ya kiangazi mlima huwa wazi, Kibo na Mawenzi vyote viwili, na kabla ya adhuhuri mawingu huwa yameufunika. Katika saa hizo chache mwenyeji anaweza kusimama uani, akaonyesha kwa kidole mgongo wa mlima anakoishi kaka yake, ndiko mabua ya jana yalikopelekwa.