Kutoka Galaksi hadi Tanuri la Sumaku

Mtaalamu wa nyota ana lipi la kumfunza mhandisi wa nishati? Lyman Spitzer (1914–1997), wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alichunguza gesi iliyo baina ya nyota pamoja na migongano ya galaksi. Nyota hung'aa kwa kuwa viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu. Lakini gesi yenye joto la mamilioni ya digrii haihifadhiki katika chungu chochote. Nyota huishikilia kwa nguvu yake ya uvutano, sisi je? Gesi hiyo ni plazima: chembe zake zina chaji ya umeme, hivyo huongozwa na sumaku. Kwa msingi huo Spitzer alibuni stelareta mwaka 1951. Plazima ikavuja upesi mno. Stelareta ya Wendelstein 7-X, iliyowashwa Ujerumani mwaka 2015, ingali inautafiti uvujaji huo.