Majibu ya zoezi ni mali ya nani?

Chukueni mfano wa kijana anayesomea kompyuta katika chuo kimojawapo hapa Tabora. Kitabu cha kiada ni ghali, nakala ya maktaba inagombewa, naye kwa jitihada zake amemaliza mazoezi ya kuandika programu ya sura tatu nzima. Anataka kuyatoa majibu yake bure, mwenzake aliyeko Urambo au Kigoma naye afaidike. Mara anatishwa: wenye kitabu watakushtaki! Akayafungia sandukuni.

Ni hasara, maana hofu hiyo ina ukweli nusu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda maandishi ya mtu, na programu za kompyuta zimo. Wazo halilindwi. Njia ya kupanga majina kwa alfabeti haina mwenyewe, na programu ya mistari mitano ya kujumlisha namba, wanafunzi mia wataiandika karibu sawasawa bila yeyote kuwa mwizi.

Watu wa njia ya misafara hawana haja ya kushangaa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa akipita baina ya Bagamoyo na Ujiji alibeba shehena ya tajiri, lakini mara nyingi alifunga pembeni kifurushi chake mwenyewe cha biashara. Kifurushi kilikuwa chake; shehena haikuwa yake.

Basi jibu alilolibuni kijana ni kifurushi chake. Swali, kama lilivyochapwa neno kwa neno, ni shehena. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya vitabu ya Pearson ilifungua kesi huko Marekani dhidi ya kampuni ya Chegg, na madai yake yalihusu hasa maswali ya vitabu vyake, ambayo Chegg ilikuwa ikiuza majibu yake. Tena kitabu maarufu cha Kernighan na Ritchie juu ya lugha ya C, cha mwaka 1978, majibu ya mazoezi yake yaliandikwa na watu wengine, Tondo na Gimpel, wakayatoa kama kitabu kamili.

Penye utata ni pale zoezi linaposema: rekebisha programu iliyomo katika ukurasa fulani. Kernighan na Ritchie wana mazoezi ya namna hiyo. Hapo jibu la mwanafunzi limebeba mistari ya mwandishi ndani yake, na kuitoa yote hadharani ni kutoa kazi ya mwingine pamoja na yako. Afadhali atoe mistari aliyoibadilisha tu, na kueleza inaingia wapi.

Kiongozi cha mwalimu, chenye majibu yaliyoandaliwa na mchapishaji, ni jambo jingine kabisa. Kukipiga fotokopi na kukigawa, hata bila kutoza senti tano, ni kunakili kitabu cha watu. Neno "bure" halisafishi kitu hapo.

Kwa hiyo kijana wetu aandike jina la kitabu, toleo, ukurasa na namba ya zoezi, aache maneno ya swali, kisha aweke jibu lake. Na aseme wazi kwamba anaruhusu wengine kulinakili na kulirekebisha, kwa kuwa asiposema, hakimiliki ya jibu hilo inabaki kwake, na mwenzake wa Urambo atakuwa analitumia bila ruhusa.