Kununua Mlima au Kujenga Mtambo?

Jiji la New York hunywa maji ya vyanzo viwili vyenye gharama tofauti kabisa. Maji ya Croton, kaskazini tu mwa jiji, hupita kwenye mtambo wa kuchuja uliochimbiwa chini ya bustani ya Van Cortlandt, Bronx. Ulianza kazi 2015, ukiwa umemeza zaidi ya dola bilioni 3. Maji ya milima ya Catskill na mto Delaware, takriban asilimia 90 ya maji yote, hayachujwi.

Croton ilishazingirwa na nyumba, barabara na mashimo ya maji taka. Kwa Catskill jiji liliwahi. Kanuni za serikali kuu za 1989 zilitaka maji ya mito na mabwawa yachujwe, isipokuwa mji uthibitishe kuwa unalinda vyanzo vyake. Mtambo wa Catskill na Delaware ulikadiriwa dola bilioni 6 hadi 8, mbali na gharama za kuuendesha kila mwaka. Katika makubaliano ya 1997 jiji lilitenga dola milioni 250 za kununua ardhi, kwa bei ya soko na kwa mwenye kutaka kuuza tu. Kodi ya ardhi jiji hulipa kama jirani yeyote.

Ukilinganisha tarakimu hizo peke yake utadanganyika. Msitu ulionunuliwa hausafishi maji yaliyokwisha kuchafuka. Unazuia uchafu ambao ungekuja. Kwa hiyo ekari ya kando ya kijito, iliyokuwa ikinyemelewa na wajenzi, ina thamani zaidi kuliko ekari kumi za kileleni ambako hakuna ambaye angejenga. Hizo kumi ni kulipia usalama uliokuwapo bure. Tatizo ni kwamba ardhi tambarare ya mabondeni ndiyo pia wenyeji wanayoitegemea kupanua vijiji vyao, na manung'uniko yao si ya kupuuzwa.

Tena kuna udongo wa mfinyanzi. Dhoruba ikipiga, kingo za vijito vya Catskill humomonyoka na maji hugeuka rangi, ardhi iwe imenunuliwa au la. Klorini bado inatiwa, na maji hayo hupigwa pia mionzi ya urujuanimno kuua vijidudu.

Ningekuwa mlipa bili wa huko, ningependa chaguo la katikati: jiji linanunua haki ya kujenga tu, mkulima anabaki na ng'ombe wake, na anasaidiwa uzio wa kijito na mahali pa kuhifadhi samadi.

Nairobi haina hata nafasi ya kuchagua. Vishamba vya urithi vya Murang'a, juu ya bwawa la Ndakaini linalolinywesha jiji hilo, nani atavinunua? Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, uliozinduliwa 2015, unawasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda miti na majani ya mifugo, na kuchimba vidimbwi vya kuvunia mvua. Hesabu za mradi zilisema dola milioni 10 zingerudisha milioni 21.5 katika miaka 30. Lakini isome vizuri: sehemu kubwa ya faida hiyo ni mavuno ya mkulima, si punguzo kwenye bili ya mkazi wa Nairobi. Mkazi anapata tope pungufu mtoni, na hilo hupimwa siku ya mvua kubwa.