Irabu Moja, Ngazi Nne: Muundo wa Lugha katika Neno "Hawajatusomea"



Katika miaka mingi ya kusahihisha mitihani, nimekutana na wanafunzi wengi walioweza kufasili fonimu, mofimu, sentensi na maana bila kukosea, lakini wakashindwa kueleza kwa nini tunasema *somea* wala hatusemi *somia*. Kosa si lao peke yao. Sisi walimu tumezifundisha ngazi za lugha kana kwamba ni vyumba vinne visivyo na milango. Hebu tulichunguze neno moja tu: *hawajatusomea*.

Kimofolojia, neno hili lina mofimu saba: *ha-* ya ukanushi, *-wa-* ya nafsi ya kiima, *-ja-* ya tendo lisilotimia bado, *-tu-* ya yambwa, mzizi *-som-*, kiambishi *-e-* cha kauli ya kutendea, na kiishio *-a*. Tuikazie macho *-e-* hiyo. Katika *pikia*, *katia* na *rukia*, mofimu hiyohiyo hujitokeza kama *-i-*. Lakini irabu ya mzizi ikiwa *e* au *o*, kama katika *letea* na *somea*, huwa *-e-*. Hilo ndilo tangamano la irabu: fonolojia inaamua umbo la mofimu.

Irabu hiyo hugusa pia sintaksia. Kitenzi *soma* hutosheka na yambwa moja: *Wamesoma barua*. *Somea* huongeza ya pili: *Wametusomea barua*. Tukiingiza kauli ya kutendwa, mtendewa ndiye anayeshika nafasi ya kiima: *Tumesomewa barua*. Hakuna asemaye *Barua imetusomewa*.

Na maana je? Kiambishi hiki hudokeza kwamba tendo lafanywa kwa ajili ya mtu fulani. Hata hivyo, penye barua, *hawajatusomea* ni habari ya maandishi. Wakilitamka wenye mgonjwa, huenda ni dua ambayo bado haijasomwa. Neno ni lilelile. Muktadha ndio unaoamua.

Basi kutenganisha ngazi ni mbinu ya uchambuzi, si hali ya lugha yenyewe. Mwanafunzi akiulizwa mofimu ni nini, asiishie kwenye fasili. Aoneshe inavyotamkwa, inavyoathiri tungo na inavyobeba maana. Hapo atakuwa ameanza kuijua lugha, si istilahi zake tu.